Nguo Isiyo na Mwenyewe

Kharumwa,
9 Machi 2024

Mama Esta,

Shikamoo. Mimi ni Mwalimu Violeth, nafundisha kidato cha tatu, darasa la mwanao. Nimekupigia simu wiki nzima haipatikani. Nikamwendea bibi yake Esta, akacheka, akasema, "Huyo binti yangu simu yake ni ya kutazamia saa tu. Mwandikie, barua huwa anajibu." Basi nimeandika, na Masudi, dereva wa Noah ya Geita, ameahidi kukufikishia hapo Kalangalala unapopikia.

Usishtuke, si habari mbaya. Nimeanzisha klabu hapa shuleni, wanafunzi wenyewe wameiita Vaa Tena. Unawajua watoto wa siku hizi. Kila mnada lazima nguo mpya ya mtumba, na wale wavulana wanaookota marudio, mabaki ya mchanga wa dhahabu, migodini ndio kabisa, suruali ikifumuka mshono inatupwa. Nyuma ya soko kuna lundo la nguo zinazochomwa na moshi wake unatufuata hadi darasani. Niliwapeleka wakalione. Nikawauliza, pamba inatoka wapi? Wakajibu kwa pamoja, kwa babu! Nikawaambia, babu analima, pamba inaondoka, halafu nguo zinaturudia zikiwa zimeshavaliwa na watu wengine, na sisi tunazichoma.

Nikawapa kazi: kila mmoja alete kutoka nyumbani nguo isiyo na mwenyewe, tuifue, tuikate, tuishone upya. Esta wako alileta shati la kiume la bluu, zuri bado. Nikamuuliza, mwenyewe hatalitafuta? Akasema, "Huyo harudi, Mwalimu." Akashika mkasi akalikata bila kusita, wenzake wakapiga makofi. Siku ya kubadilishana nguo akaleta magauni yake yote anayotumiwa na baba yake, mengine hayajavaliwa hata mara moja, akayagawa. Nimekuwa nikimtolea mfano kwa shule nzima, kwamba huyu binti si mtumwa wa nguo.

Nilitaka tu ujue una mtoto wa kujivunia.

Mwalimu Violeth


Kalangalala, Geita,
14 Machi 2024

Mwalimu Violeth,

Marahaba mwanangu. Barua nimeipata na ninashukuru unavyomlea Esta. Mungu akuzidishie.

Mwalimu, hilo shati. Lina mistari myembamba myeupe? Kifungo cha chini si cha kwake, ni cheusi, nilikishona mimi? Kama ndilo, nakuomba uniwekee kwako hivyo hivyo lilivyo. Lisiguswe maji. Hata kama limekatwa, vipande visifuliwe, vifunge kwenye mfuko wa nailoni, ufunge kabisa. Nitakuja kuvichukua.

Usimuulize Esta chochote, na usimwambie kwamba nimeuliza. Nitakueleza tukionana.

Mimi,
Mama Esta (Martina)


Kharumwa,
19 Machi 2024

Mama Esta,

Shikamoo. Ndilo, lenye kifungo cheusi. Lakini mama yangu, umechelewa! Somo letu la kwanza kabisa ni kufua. Nguo za kwenye masanduku zina vumbi na mende, siwezi kuwaacha watoto wazishone hivyo. Aliyeloweka hilo shati usiku kucha kwenye sabuni ya unga ni mimi mwenyewe, maana shingoni lilikuwa na alama za jasho zilizogoma kutoka. Likatoka safi, linanukia.

Nakuelewa. Mama yangu kule Karagwe hatupi hata kipande cha kamba, kila kitu kina siku yake. Na kama unaogopa Baba Esta akirudi atauliza shati lake, niachie mimi. Nitamwambia ni kosa la mwalimu. Jumatano ni mnada, nitamtafutia lingine la bluu, hata zuri zaidi ya lile.

Halafu, mama, samahani kama naingilia, lakini mwambieni Baba Esta apunguze kutuma magauni. Mtoto anamhitaji yeye zaidi ya nguo.

Wako,
Violeth


Kalangalala, Geita,
24 Machi 2024

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako nikiwa jikoni. Nikalizima lile jiko lenye maharage ya wateja, nikakaa chini. Watu wakaja kula wakakuta hakuna chakula.

Januari, baba yake Esta, amekufa. Sasa ni miaka minne. Alishuka kwenye duara, shimo la dhahabu, huku porini, maji yakaingia, likafunga. Wenzake walichimba kumtafuta mpaka kuta zikaanza kuanguka na wao, wakazuiwa. Likafukiwa naye yumo ndani.

Wewe ni mgeni huku, labda hujui. Mchimbaji hashuki na nguo nzuri. Anavua juu, anavaa za kazi, ile nzuri inatundikwa mdomoni mwa duara, ni ya kurudia nyumbani. Walichoniletea ni hilo shati. Halikuwa na damu wala udongo. Lilikuwa na jasho lake la njiani, maana alienda kwa miguu. Nililiviringisha nikaliweka kwenye sanduku kwa mama yangu hapo Kharumwa. Nikizidiwa nilikuwa nakuja, nafungua sanduku, nalinusa, nafunga. Esta akidhani nimekuja kumsalimia yeye.

Kwa akina Januari kule Mhunze, mtu asiyepatikana mwili anazikwa kwa nguo. Lazima iwe aliyoivaa yeye, haijafuliwa, ina jasho lake, ndipo wanaweza kusema tumemzika mtu. Shemeji yangu Maige, kaka yake mkubwa, alitaka tufanye hivyo mwaka ule ule. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema labda alitokea upande mwingine, labda alipigwa kichwani amesahau kwao, nilisema mengi. Mwaka huu nimechoka, nikakubali. Tumepanga tumzike baada ya mavuno ya pamba. Nguo yenyewe ndiyo hiyo uliyoiloweka, na nyingine ambayo haikufuliwa hana.

Esta hajui. Nilimwambia baba yupo Chunya, kisha nikasema amevuka kwenda Kongo. Magauni nanunua mimi, kwenye marobota ya mitumba ya hapa sokoni, yanapofunguliwa tu nakuwa wa kwanza. Nilitaka asijione ameachwa. Kumbe ndivyo alivyojiona.

Alipokuwa mdogo, baba yake akirudi anaweka karanga kwenye mfuko wa lile shati, na Esta anaingiza mkono kabla hata hajamwamkia. Sijui kama anakumbuka.

Sikulaumu, mwanangu. Au nakulaumu, leo sijui. Nikusanyie vipande. Pasaka nitakuja nimwambie Esta kwa mdomo wangu mwenyewe. Wewe usimwambie.

Martina


Kharumwa,
8 Aprili 2024

Mama Esta,

Shikamoo. Pasaka imepita. Tulikungoja. Bibi alikuwekea nyama.

Nimeanza kuandika barua hii mara nyingi nikachana. Pole haitoshi, na sina neno jingine. Nilikuandikia kwamba nitamtafutia mumeo shati "hata zuri zaidi". Nikikumbuka hivyo nashindwa kula.

Nilianza kukusanya vipande kimya kimya. Mgongo ulikuwa umekuwa mkoba wa Esta mwenyewe. Mikono ilikuwa viraka kwenye viwiko vya sweta la mwenzake Edson. Kola alikuwa nayo Eunice, ameishona kwenye blauzi ya kanisani. Na kipande kimoja cha mbele, Mama Esta, nimekuwa nafutia ubao. Mimi mwenyewe, kila kipindi, tangu Februari.

Esta akaona ninavyofumua. Akaja mezani kwangu mbele ya wenzake, akasema, "Mwalimu, si ulisema nguo isiyo na mwenyewe? Kwani mwenyewe amepatikana?" Nikamwambia alete mkoba tu, asiulize. Akasema, "Sileti. Akilitaka shati lake aje alifuate, asitume watu." Na darasa likacheka, Mama Esta. Wote wakacheka pamoja naye.

Nilikuwa nimekusudia kukutunzia siri. Lakini walipocheka sikuweza. Nikamtoa nje, nikamwambia, "Esta, baba yako hakukukimbia." Akaniangalia. Hakuuliza yupo wapi. Aliuliza, "Mama anajua?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia.

Hakulia. Alirudi darasani akamwambia Edson avue sweta.

Uliniambia nisiseme na nimesema. Nichukie, una haki.

Violeth


Kharumwa,
12 Aprili 2024

Mama,

Mwalimu ameniambia. Bibi nilipombana naye akakubali, akalia, nikamwacha analia.

Umeniacha nimchukie marehemu. Miaka minne nikilala namtukana mtu aliye chini ya ardhi. Nimewaambia wenzangu baba yangu ni mhuni, ana mwanamke Kongo. Nilikata nguo yake huku nacheka, na walinipigia makofi. Hayo makofi nayasikia mpaka sasa.

Na magauni. Ningepaswa kujua, ni ujinga wangu tu. Yote yalikuwa yananitosha. Mtu ambaye hajaniona tangu niko darasa la sita angejuaje kama nimerefuka? Kila nikivaa likinikaa sawa nilizidi kumchukia, nasema anajua hata kipimo changu na bado haji.

Vipande nakusanya mwenyewe. Usije.

Esta


Kalangalala, Geita,
20 Aprili 2024

Mwanangu Esta,

Hujaniamkia kwenye barua, na mimi sikudai.

Pasaka nilikuja. Nilishuka pale sokoni, nikafika mpaka karibu na kanisa. Nilikuona unatoka na wenzako, mmeshikana mikono, unacheka na ile sauti ya baba yako. Nikasema acha acheke leo, nitamwambia kesho. Nikarudi Geita siku ile ile. Ndivyo nilivyofanya miaka yote minne, mwanangu, kila siku nilisema kesho.

Sikukudanganya kwa kukudharau. Nilikuwa nikisema yupo Kongo, na mimi mwenyewe kwa nusu saa naamini yupo Kongo.

Nimezungumza na baba yako mkubwa Maige. Nimemweleza kila kitu. Hakugomba, ila amesema shati lililofuliwa ni kitambaa tu, hata dukani vipo. Halina jasho la mtu, hawezi kulishusha kaburini na kusema ni mdogo wake. Anasema tungoje. Nimemuuliza tungoje nini, akasema tungoje tu.

Basi hivyo vipande usihangaike navyo. Baba yako atakaa huko huko alipo bila kaburi, na kosa ni langu si lako.

Mama yako


Kharumwa,
27 Mei 2024

Mama Esta,

Shikamoo. Najua hukujibu barua yangu, na hii sikuandikii kwa ajili yangu.

Esta amelishona lile shati. Amekaa darasani baada ya masomo wiki nyingi, anarudishia kipande kimoja kimoja, na mimi nimefundisha kushona lakini mishono kama ile siiwezi. Kile nilichofutia ubao kimefifia kikawa cheupe, lakini amekirudisha mahali pake. Kifungo cheusi kipo. Kilichokosekana ni mfuko wa kifuani tu. Anasema ulianguka njiani, tumeutafuta hatukuuona.

Sasa nikuambie jambo. Kila siku akitoka shule analivaa, anaenda shamba la bibi kung'oa karanga. Halivui mpaka jua lizame. Halifui. Jumamosi anashinda nalo. Shingoni zile alama nilizozitoa mimi kwa sabuni zimerudi. Wenzake wamemzoea kwa usafi, wakaja kuniuliza kama Esta amerukwa na akili. Nikamuuliza taratibu. Akasema, "Baba mkubwa anataka jasho, Mwalimu. Mimi ni mtoto wake. Jasho langu nimelitoa wapi kama si kwake?"

Mwulize Bwana Maige kama hilo linafaa. Kama halifai, tafadhali yeye ndiye amwambie, mimi siwezi tena kumwambia mtoto huyu kitu.

Klabu nimeisimamisha. Wanafunzi wanaulizia. Siku moja nitairudisha, na nguo zitafuliwa baada ya mtoto kueleza zilikuwa za nani.

Violeth


Mhunze,
22 Julai 2024

Mwalimu Violeth,

Nimekaa kimya muda mrefu mpaka ukafikiri nimekususa. Leo nakuandikia nikiwa ukweni, tumemaliza msiba juzi.

Tumemzika Januari. Esta alikuja na bibi yake, na shati amelivaa mwilini chini ya sweta la shule, hakutaka kulibeba. Maige alikaa na wazee wa ukoo uani. Esta akavua, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu, nilikuwa nimesimama mlangoni. Maige aliligeuzageuza, akaangalia ile mishono, halafu akaliweka usoni akalinusa. Akakaa nalo hivyo hivyo usoni. Alipolishusha macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Huyu ni wetu." Wazee wakaitika. Kaburi likachimbwa pale kwa baba yao, likawekwa shati, tukafukia, na mimi nikaruhusiwa kulia kwa sauti. Miaka minne nilikuwa nalia kama mwizi.

Maige aliuliza kitu kimoja tu, mfuko uko wapi. Esta akasema, "Umepotea, baba mkubwa." Hakuulizwa tena.

Asubuhi yake nilikusanya nguo za kila mtu nifue. Nikashika sweta la Esta, nikaligeuza ndani nje kama ninavyofanya kila siku. Mfuko upo. Ameushona kwa ndani, upande wa moyo, mishono midogo, huwezi kuuona mpaka ugeuze. Umebaki bluu ile ile ya zamani, ni kama hata maji yako hayakuupata.

Nilitaka kuketi pale kwenye maji. Kumbe anakumbuka. Wakati wote ule anamtukana alikuwa anakumbuka karanga.

Sikulifua lile sweta. Nilikuwa na karanga za kukaanga nimewawekea wageni, nikachukua chache nikatia kwenye mfuko, nikalirudisha pale pale nilipolitoa. Sikumwambia kitu. Jioni wakaondoka na bibi yake kurudi Kharumwa, nikasimama barabarani mpaka gari likaisha machoni. Bibi alinipungia mkono. Esta alikuwa anaangalia mbele. Tangu Aprili hajaniamkia, hajaniita mama, hata pale kaburini alisimama upande wa pili.

Wewe nimekusamehe, naomba ulale. Uliniambia mtoto anamhitaji baba yake kuliko nguo, ulisema kweli bila kujua.

Nakuomba kitu kimoja. Akija shuleni na sweta lile, na ukauona huo mfuko, usimuulize. Na kama mwaka huu halitafuliwa, liache hivyo hivyo chafu. Mwambie mwalimu wa zamu asimtoe mstarini.

Martina


Kharumwa,
3 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo.

Karanga nimezikuta. Nimezila zote njiani, bibi nilimnyima.

Baba alikuwa anaweka za chumvi.

Esta